Chaguo la Kwanza

Mwalimu Crispin alifika Ipombo akisukuma baiskeli, maana kilima kile hakipandiki mtu akiwa juu ya tandiko. Aliwakuta Fanueli Mwakisole na mkewe Tusajigwe nyuma ya nyumba, wakitandaza maua ya pareto juu ya mikeka. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1957. Ukungu ulikuwa umeachia muda mfupi tu, na kila aliyekuwa na pareto kilimani alikuwa analiwahi jua.

"Sitakaa sana," Mwalimu alisema baada ya salamu, ingawa alikikalia kigoda alichopewa. "Nimekuja kwa ajili ya Ikupa. Karibuni tunapeleka majina ya shule wanazozitaka watoto wa darasa la nane. Nimeona nizungumze na wazazi kabla mtoto hajaandika."

Tusajigwe alimwita binti yake. Ikupa, msichana wa miaka kumi na mitano, alitoka jikoni akijifuta mikono, mdogo wake Tupokigwe akimfuata nyuma. Alisimama kando ya mlango kama anavyosimama mtoto anayezungumzwa na wakubwa.

"Ziko njia mbili," Mwalimu alisema. "Ya kwanza ni ile shule ya serikali ya wasichana, kule wanakokwenda kwa treni. Anasoma mpaka darasa la kumi na mbili. Akimaliza pale, uganga wa hospitali uko mbele yake, ofisi iko mbele yake, hata Makerere. Ya pili ni chuo cha ualimu cha misheni, Iringa. Miaka miwili, anatoka na cheti, anafundisha watoto wadogo."

"Si aandike zote mbili?" Tusajigwe aliuliza.

"Ataandika zote mbili, mama. Shida ni ipi itangulie. Kila shule inawaangalia kwanza wale walioitanguliza. Ukiiweka ya pili, wanalifikia jina lako nafasi zimekwisha. Kwa hiyo akiitanguliza ile ya serikali akaikosa, chuo nacho kinaweza kumpita. Akikitanguliza chuo, ile ya serikali aisahau."

Fanueli aliendelea kusawazisha maua kwa kiganja. "Wanakosa wengi?"

"Mwaka jana, katika jimbo letu zima, walioitanguliza walizidi arobaini. Walichukuliwa watano. Chuoni wanachukua karibu nusu ya wanaoomba."

"Watano," Fanueli alirudia.

"Watano, mzee."

"Na ada?"

Mwalimu Crispin alikuwa analingoja swali hilo. Alisema ada ya ile shule ilikuwa shilingi mia na ishirini kwa mwaka, na ukiongeza sare, godoro na nauli, hesabu inapita mia mbili. Chuo hakikutoza ada, lakini blanketi, viatu na sare vilikuwa juu ya mzazi. Pareto ya mwaka uliopita ilikuwa imempa Fanueli shilingi mia tatu na kidogo, na fedha hiyo ilikuwa imelisha na kuvika watu wanne mwaka mzima.

"Lakini nisikilizeni mpaka mwisho," Mwalimu alisema. "Hiyo mia na ishirini ni bei ya mtu ambaye hakuuliza. Pale Mbeya iko kamati ya ada, inakaa kila Alhamisi mwezi huu. Mzazi anakwenda mwenyewe, anaeleza mali aliyonayo na watoto alionao. Wakiridhika wanamlipia nusu, au yote. Na aliyelipiwa yote anapewa na waranti ya safari, hati ya kusafiria bila nauli. Ukifika hapo, shule ya ghali inakuwa rahisi kuliko chuo."

"Na mtoto mwenyewe ataweza?" Tusajigwe aliuliza.

Mwalimu alimtazama Ikupa. "Tangu nitoke kwetu Kalenga sijamfundisha mtoto wa hesabu kama huyu. Lakini mtihani ni mtihani, mama. Siwezi kuapa."

"Na wewe unataka wapi?" Tusajigwe alimgeukia binti yake.

Ikupa alimtazama baba yake kwanza. "Kule kwa treni," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi Mwalimu ainamishe kichwa kuisikia.

Kesho yake mume na mke walichuma pareto mstari kwa mstari, vikapu viunoni, mpaka jua lilipopanda.

"Watano katika arobaini," Fanueli alisema. "Wewe ungepanda mbegu ambayo katika arobaini zinaota tano?"

"Mbegu haina akili. Mtoto ana akili."

"Hao arobaini wote walikuwa na akili. Ndiyo maana walimu wao waliwaandika."

Tusajigwe alimwaga maua kwenye gunia. "Baba Ikupa, mimi sikusoma. Lakini Mwalimu alipanda kilima hiki na baiskeli ya watu. Hakupandia mtoto wa mtu mwingine."

"Na akikosa kote? Atarudi hapa kuchuma, na mwaka ujao atakuja mtu na ng'ombe zake."

"Kwani akienda chuo hao ng'ombe hawatakuja?"

Walicheka kidogo, wote wawili. Ni Tusajigwe aliyepata njia. "Nenda kaiulize kamati. Wakikubali kulipa, aitangulize ile. Wakikataa, basi, chuo. Hapo hatutakuwa na wa kumlaumu."

Lilikuwa shauri zuri na Fanueli aliliona hivyo. Lakini mkono wake ulipunguza kasi. Yeye alikuwa mzee wa kanisa. Kila mwisho wa mwaka ndiye aliyesimama mbele ya watu kusoma majina ya waliobakiza michango. Nyumba yake ndiyo peke yake yenye bati upande ule wa kilima, na watu waliopotea njia walielekezwa kwa kuonyeshwa hilo bati.

"Nitakwenda kusema mimi sina?" aliuliza.

"Utasema ulichonacho. Kusema ulichonacho si kusema huna."

Alhamisi Fanueli alivaa koti lake la kanisani, akateremka Mbeya kwa miguu. Kamati ilikaa katika chumba cha mbele cha jengo refu, na wazazi waliketi barazani kwenye mabenchi wakingoja kuitwa. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la watu, hivyo kila kilichosemwa ndani kilisikika nje.

"Baba Ikupa! Njoo hapa, nafasi ipo." Alikuwa Halfani, mwuza nguo wa sokoni, ambaye binti yake Mwantumu alisoma darasa moja na Ikupa. Babu yake Halfani alikuja na misafara kutoka Kilwa na hakurudi tena, na wajukuu walikuwa bado wakisema Kiswahili cha kule. Alimtazama Fanueli toka juu mpaka chini. "Bwana wee, koti hili litakuponza. Mimi nimevaa kanzu ya kulalia makusudi."

Fanueli alilazimisha tabasamu. "Na wewe unaomba?"

"Naomba, tena sana. Mwantumu kaitanguliza ile ya treni. Mama yake kasema tumjaribu Mungu. Nikamwambia Mungu hajaribiwi, ila serikali inajaribiwa."

Halfani aliitwa. Kutoka ndani ilisikika sauti nzito ya mwenyekiti, Mzee Eliezeri, mtu aliyejulikana kwa kutopenda kudanganywa. "Bwana Halfani, wewe una duka."

"Duka, mzee? Nina meza. Na meza yenyewe ni ya Mhindi."

Baraza zima lilicheka, na Halfani akacheka pamoja nao. Waliendelea kumhoji: ana vitambaa vya thamani gani, anadaiwa na nani, mbona mkewe anaonekana na kanga mpya. Alijibu yote. Alitoka akijifuta uso kwa kofia, akainama sikioni mwa Fanueli.

"Nusu. Kabla ya mwezi kuisha nitarudi kuomba nusu ya pili. Usiwaogope, baba. Wanacheka, lakini wanatoa." Akaondoka kwenda sokoni.

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa Usangu, mwenye blanketi begani. Alisema hana ng'ombe, walikufa. Mzee Eliezeri alimwuliza ana wake wangapi. Mzee akajibu wawili. Yule wa pili alimwoa lini? Mwaka jana.

"Kwa hiyo ya kuoa ulipata," Mzee Eliezeri alisema, "ila ya kusomesha ndiyo ikafa na ng'ombe?"

Kicheko kilipasuka. Fanueli naye alicheka, alicheka kwa sauti, akajipiga goti kwa kiganja. Yule mzee alitoka amejifunika blanketi mpaka kidevuni, akapita katikati ya mabenchi bila kumtazama mtu. Hakuna aliyejua kama alipewa au alinyimwa. Kicheko kilikuwa kingali kinywani mwa Fanueli wakati karani aliposimama mlangoni.

"Fanueli Mwakisole wa Ipombo!"

Watu waligeuka huku na huku kumtafuta. Fanueli alijua maswali yatakayokuja. Bati, mzee, ulilinunua kwa nini? Koti hilo bei gani? Alikuwa ameyajua tangu nyumbani, na majibu yake aliyaandaa njiani, yote ya kweli. Lakini aliziona nyuso za wale waliocheka pamoja naye, zikiwa bado zimekunjuka, zikingoja mwingine.

"Fanueli Mwakisole!"

Mama mmoja aliyeketi karibu yake alimgusa. "Si wewe umesema unatoka Ipombo?"

"Hapana," Fanueli alisema. "Mimi namsindikiza mtu."

"Hayupo," karani alisema ndani. "Anayefuata."

Alingoja mpaka mwingine akaingia, ndipo akasimama, akatembea polepole kama mtu aendaye msalani. Alipofika barabara ya lami aliongeza mwendo.

"Wamekataa," alisema, hata kabla hajavua koti.

Tusajigwe alikuwa amemwekea maji ya kuoga na ugali chini ya ungo. "Walisema nini?"

"Walisema nina bati."

"Hukuwaambia tulilinunuaje? Hukuwaambia tulikula mboga bila chumvi mwaka mzima?"

"Niliwaambia yote."

"Na Mzee Eliezeri akasema nini?"

"Mama Ikupa, watu walikuwa wengi. Wamekataa. Unataka niwapige?"

Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na alipoipandisha Tusajigwe aliona huruma. Alidhani mumewe amedhalilishwa, akaona si vizuri kukichokonoa kidonda. Alimkaribisha chakula, kisha akaenda kukaa jikoni na Ikupa, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

"Ndivyo ilivyo, mwanangu," alimwambia.

"Ndiyo, mama."

"Ualimu ni kazi ya heshima."

"Ndiyo, mama."

Jumatatu Ikupa alimpelekea Mwalimu Crispin majina yake. Chuo kilikuwa cha kwanza. Mwalimu alisoma, akainua macho. "Baba alikwenda Mbeya?"

"Alikwenda. Walimkatalia kwa ajili ya bati."

Mwalimu alishangaa. Alikuwa anamjua mwenye duka la dawa aliyepewa nusu. Alifikiri aende Ipombo tena, au apitie kwenye kamati aulize. Lakini wiki ile alikuwa na karatasi za darasa zima za kupanga na mwalimu mwenzake alikuwa mgonjwa. Akaliweka jina la Ikupa pamoja na mengine. Baadaye alijilaumu kwa hilo, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Majibu ya mtihani yalifika Januari, mvua zikiwa zimepamba moto. Mwalimu Crispin alipanda kilima bila baiskeli, suruali imeingia tope mpaka magotini. Safari hii hakukikalia kigoda.

"Ikupa ni wa kwanza," alisema. "Katika wasichana wa jimbo zima, yeye ni wa kwanza."

Tusajigwe alipiga vigelegele, jirani wakaitika toka bondeni. Tupokigwe aliruka ruka akimshika dada yake. Lakini Mwalimu hakucheka, na furaha ikaishiwa pumzi mbele ya uso wake.

"Chuo kimemchukua, bila shaka. Wanangoja kumwona. Ila ile shule ya serikali imechukua sita mwaka huu, na wote sita Ikupa amewashinda. Mwantumu wa Bwana Halfani ameingia. Yeye ndiye wa mwisho katika hao sita." Akamgeukia Fanueli. "Mzee, nimetoka Mbeya jana. Nilikwenda kwenye kamati niwaulize kwa nini walikunyima. Nilitaka niwaonyeshe walivyokosea."

Fanueli alikuwa ameshika mpini wa jembe. Aliendelea kuushika.

"Karani alifungua daftari. Akaniambia Agosti ile hawakumnyima hata mzazi mmoja. Fedha ilibaki. Hata yule mzee wa Usangu aliyechekwa alipata yote. Akasema jina lako liliitwa mara mbili, na hakuna aliyeitika."

Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Tusajigwe alimtazama mumewe, akingoja aseme kwamba karani ni mwongo. Fanueli alianza kukwangua tope kwenye jembe. Kisha Tusajigwe alimshika Tupokigwe mkono, akaingia naye ndani. Hakusema kitu siku ile, wala siku zilizofuata. Alimwandalia mumewe chakula, akamwekea maji, akatandika kitanda, na katika hayo yote hakumwita hata mara moja "Baba Ikupa".

Mwalimu aliaga. Walibaki baba na binti.

"Walikuwa wanacheka watu," Fanueli alisema hatimaye. "Ikupa, ungewaona."

"Ungeniambia, baba."

"Nilifikiri hutaweza. Watano katika arobaini. Nilijiambia, hata nikiingia mle ndani nikajivua nguo, mtoto mwenyewe hataweza. Kwa hiyo nitakuwa nimejivua bure."

Ikupa hakuwahi kumjibu baba yake isipokuwa "ndiyo" au "haya". Sasa maneno yalitoka taratibu, moja baada ya jingine. "Ningeshindwa, ningeshindwa mimi. Ningerudi kuchuma pareto na nisingemlalamikia mtu. Hata kushindwa hukuniachia, baba."

Akaliokota kapu, akaenda shambani kwenye tope, ingawa siku ile hapakuwa na la kuchuma.

Kabla ya mapambazuko Fanueli alikuwa njiani. Hakuvaa koti. Alifika Mbeya amelowa, akamkuta Mzee Eliezeri ofisini pamoja na karani na watu wanne watano waliokuja kwa shauri la kodi. Alisimama katikati ya chumba bila kungoja kuitwa.

"Mimi ni Fanueli Mwakisole wa Ipombo. Agosti mliniita, nilikuwa pale kwenye benchi. Sikuitika."

Mzee Eliezeri aliweka kalamu chini.

"Nina ng'ombe wawili, jike na ndama wake," Fanueli alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. "Nina mbuzi watatu. Nina bati, nililinunua kwa pareto ya misimu miwili na mke wangu alikula bila chumvi. Koti ninalo moja, nalo nilipewa na marehemu kaka yangu. Fedha ya ada sina. Binti yangu amekuwa wa kwanza katika jimbo. Naomba mnisaidie."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wa kodi alitazama sakafu.

"Mzee wangu," Eliezeri alisema, na sauti yake nzito ilikuwa imelainika, "haya ungeyasema Agosti, ungeondoka hapa na yote, waranti juu. Hata leo fedha ipo. Lakini fedha haiumbi nafasi. Nenda ofisi ya elimu. Mwambie bwana wa pale kwamba nimekutuma, kwamba ada tunalipa sisi."

Alikwenda. Alisimama dirishani mpaka saa sita, kisha akapokelewa. Bwana wa elimu alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwamba orodha ilifungwa Desemba, kwamba vitanda vya shule ile vinahesabiwa, kwamba binti aliyeitanguliza shule nyingine hakusomwa kabisa hata angekuwa wa kwanza wa dunia. Kama mmoja wa wale sita angeacha, labda. Lakini nani ataacha nafasi kama ile?

"Hakuna," Fanueli alijibu, kama vile ni yeye aliyeulizwa.

Alipopita sokoni Halfani alimwona, akaruka meza yake. Alikuwa amekwisha kusikia, kwa maana Mbeya ulikuwa mji mdogo. Alimshika mkono, na mtu yule wa maneno mengi hakuwa nayo. "Kitanda kile kingekuwa changu, baba, ningekuachia," alisema mwishowe. Fanueli alijua asemacho, na alijua pia kwamba asingekitoa, wala yeye mwenyewe asingemwomba. Alimwambia amsalimie Mwantumu.

Chuo kilitaka blanketi mbili, jozi ya viatu, sare mbili na sanduku. Mbuzi watatu waliuzwa wote. Tusajigwe alipohesabu alichobakiwa nacho mkononi, ndipo alipomsemesha mumewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Kule kwa treni angekwenda bila kuuza hata mmoja," alisema. Hakukusudia kumchoma. Ilikuwa hesabu tu, na kwa kuwa ilikuwa hesabu tu ilichoma zaidi.

Mwisho wa mwezi Fanueli na Ikupa walipanda basi la shirika la Reli kwenda Iringa. Abiria wa daraja la chini walikaa nyuma na mizigo, na sanduku la Ikupa lilikuwa miguuni kwao. Barabara ilikuwa tope tupu. Mara mbili waliteremshwa wote kusukuma, na mara ya pili kiatu kipya cha Ikupa kilinaswa, Fanueli akakichimbua kwa mikono, akakisafisha kwa pindo la shati lake, akamrudishia. Ikupa alisema "ndaga, tata", asante, baba, kwa adabu, kama angemwambia mgeni.

Pale Igawa, kando ya mto, basi lilisimama. Wanawake walizunguka madirisha na ndizi na mahindi ya kuchemsha. Fanueli alinunua mahindi mawili. Walikula wakitazama magari ya mchele yakingoja mto upungue. Alitaka kumwambia jambo, lakini kila alilolifikiri lilikuwa la kujitetea. Akanyamaza mpaka Makambako, akanyamaza mpaka Iringa.

Chuo kilikuwa juu ya mwinuko nje ya mji, majengo ya matofali mekundu na bustani za kabichi. Wasichana wengine walikuwa wamefika tayari, na wazazi walisimama uani na mizigo. Mama mmoja wa Kizungu, mkuu wa chuo, alipita kwa kila mmoja akisalimia kwa Kihehe na Kiswahili. Alipolisikia jina la Ikupa alisimama.

"Wewe ndiye wa kwanza wa jimbo? Na ulitutanguliza sisi!" Alikuwa amefurahi kweli. "Sijawahi kupata mwanafunzi kama wewe. Wote wanakwenda kule kwingine. Kwa nini ulituchagua?"

Wazazi waliokuwa karibu waligeuka. Fanueli alijua kwamba sasa ni zamu yake kusema, na alianza kusema, "Mama, ni mimi..." lakini Ikupa alimtangulia.

"Tulijadiliana nyumbani," alisema, "tukaona hivyo."

Mkuu wa chuo alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na wengine. Msichana mkubwa alikuja kulibeba sanduku. Fanueli alisimama na kofia mkononi.

"Usingenifichia," alimwambia binti yake kwa sauti ya chini. "Nilikuwa tayari kusema."

"Najua, baba. Nimesikia kwa watu yaliyotokea kwa Mzee Eliezeri. Najua ulisema, ukiwa umelowa." Alitazama majengo yale, kisha bustani, kisha uso wa baba yake, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya majibu kumtazama usoni. "Hasira ninayo. Sijui itakwisha lini. Lakini nitasoma hapa, na miaka miwili ikiisha nitafundisha."

"Haya, mwanangu."

"Tupokigwe yuko darasa la pili. Zamu yake ikifika nitakuwa na mshahara. Hata kama hautatosha, tutaomba. Na aitangulize shule anayoitaka yeye, hata wakichukua mmoja katika mia."

"Haya."

"Na siku hiyo ya kamati, baba, usiende wewe. Nitakwenda mimi."

Fanueli alitaka kusema kwamba ataweza, kwamba sasa anajua. Lakini aliona kwamba binti yake hakuwa anamwomba. Alikuwa amekwisha kupanga, kama mtu mzima anavyopanga mambo ya nyumba yake.

"Haya," alisema kwa mara ya tatu. "Nenda, wanakungoja."

Ikupa alipiga goti kidogo kumuaga, kama desturi ya kwao ilivyotaka, kisha akaingia ndani pamoja na wenzake. Fanueli alivaa kofia, akauliza njia ya kurudi stendi, akaanza kuteremka.